Mstari wa Hapana

Chumba cha pili kutoka bombani,
Nyuma ya karakana ya magodoro.
Jumamosi, tarehe 14 Machi.

Mpendwa Dada,

Shikamoo. Magoti yanasemaje? Bado yanalia ukipanda ngazi za kiwandani? Na ile dawa ya kuchua niliyompa dereva wa basi akuletee, ilifika, au alijichua mwenyewe njiani? Nauliza kwa sababu aliporudi nilimwona anatembea vizuri sana.

Sisi hatujambo, kwa maana ya kwamba tunakula na tunalala. Baba Pilipili yuko safarini na lori, atarudi wiki ijayo. Mimi nipo palepale hospitalini, chumba cha kufulia. Mashuka hayaishi, Dada. Ukikunja mia, mia nyingine zinakuchungulia mlangoni. Nikirudi nyumbani mgongo unakuwa kama si wangu.

Barua yako ya mwezi wa kwanza niliipata. Uliuliza masomo ya Pilipili mara mbili, juu ya ukurasa na tena chini, nami nikakaa kimya kama sijaona. Leo niko mapumziko. Mwenyewe yuko nje anasugua viatu vyake vya shule kwa mswaki mkuukuu, nami nimekaa mlangoni naandikia juu ya ubao wa pasi. Ukiona mwandiko unayumba, usiulaumu ubao.

Dada, nilikudanganya. Nilikuandikia kuwa Pilipili yumo katika watano wa kwanza. Hayumo. Tangu darasa la kwanza amekuwa wa mwisho, au wa pili kutoka mwisho ikitokea mwenzake mmoja ameugua siku ya mtihani. Najua uliwatangazia mafundi wenzako wote, na ukamnunulia kalamu za rangi kwa furaha. Kalamu alizipata. Kila akizitoa mfukoni mimi huangalia pembeni.

Ngoja nianze mwanzo, maana nikianzia katikati nitajipendelea.

Kila mwaka shule zikifunguliwa, ofisi ya elimu ya wilaya hutuma fomu ndani ya daftari la mtoto. Ni kwa shule zote za umma, na hulipi kitu. Inauliza kama mtoto anahitaji kupimwa macho, au masikio. Kama anahitaji mwalimu wa kumsaidia kusoma baada ya masomo. Kama anahitaji chai ya asubuhi shuleni, gari la kumchukua, mtu wa kuongea naye akiwa na huzuni. Enzi zetu nani alituuliza hayo? Mbele ya kila swali kuna visanduku viwili, Ndiyo na Hapana.

Mimi nilichukua rula ya Pilipili, nikaiweka kwenye safu ya Hapana, nikapiga mstari mmoja kutoka juu mpaka chini. Nikasaini. Darasa la kwanza hivyo, la pili hivyo, la tatu hivyo. Sikusoma hata maswali. Nilijiona mama wa maana, mama asiyenyoosha mkono kwa mtu.

Unajua tulivyolelewa. Marehemu Mama alikuwa akisema njaa ibaki ndani, uso utoke umeoshwa. Halafu kulikuwa na kile chumba. Pale shuleni kuna chumba kina zulia na mapazia mazito, wanaosaidiwa huingia humo kwa zamu, na watoto wenzao wanakiita wodi. Nikaapa mwanangu haingii wodi.

Na huku nyumbani nikawa namwita, haitiki. Nikimwita akiwa amenigeukia, anakuja mbio. Akinipa mgongo, kimya. Nikasema huyu ana kiburi. Nikamuuliza, wewe, umetia pamba masikioni? Anatabasamu tu, lile tabasamu la mtu ambaye hajui ameulizwa nini. Basi nikawa namvuta sikio. Si mara moja, Dada. La kushoto, kwa sababu nikisimama mbele yake ndilo lililo karibu na mkono wangu wa kulia.

Wiki mbili zilizopita niliitwa shuleni. Nilikwenda na koti la kazi, nanuka dawa ya madoa, nikidhani ni habari ya sare. Kumbe anayeningoja ni yule mama kutoka ofisi ya wilaya anayezunguka shule kwa shule na mkoba wake. Wazazi tunamwita Bi Fomu. Alinikaribisha kiti, akatoa karatasi tatu, akazipanga mezani moja moja. Mistari yangu mitatu ikanitazama.

"Mama Pilipili," akasema, "kazi hii nina miaka kumi na moja. Mstari ulionyooka namna hii sijauona. Kwenu mna seremala?"

Mwalimu wa darasa akacheka. Mimi nilitafuta pa kuweka mikono.

Mwalimu ndiye aliyegundua. Alisema katika imla Pilipili anaandika vizuri kabisa mwalimu akiwa amewatazama. Akigeukia ubaoni tu, mtoto anaanza kunakili kwa jirani, neno kwa neno. Siku moja alinakili mpaka jina la jirani, mwalimu akajikuta anasahihisha karatasi mbili za mtu mmoja. Hapo nami nilitaka kucheka.

Wakatupeleka kwenye chumba chenye zulia. Mtaalamu wa masikio wa wilaya alikuwepo, huja mara moja kila muhula. Kijana mpole, tai imepinda. Akamkalisha Pilipili aangalie dirishani, akampa bakuli la vifungo avipange kwa rangi. Wewe ungempenda, alivyokuwa akivitenga kama fundi. Kisha yule kijana akanyata nyuma yake, upande wa kushoto, akapiga makofi.

Pilipili akaendelea na vifungo vyake.

Akapiga tena, kwa nguvu. Mimi nilishtuka, mwalimu alishtuka. Mtoto akaokota kifungo chekundu. Yule kijana akahamia kulia, akapiga. Hapo ndipo Pilipili alipoinua kichwa kidogo, kama mtu aliyeitwa kutoka nyumba ya tatu.

Dada, nakiri sikuwa namtazama mwanangu. Nilikuwa naitazama ile mikono nyuma ya kichwa chake.

Nilikuwa na miaka saba, wewe kumi na miwili. Ulikuwa unafua uani, umeinama juu ya beseni. Mimi nilikuwa nakusanya wenzangu, nanyata nyuma yako, napiga makofi, na wewe hugeuki, nao wanavunjika mbavu. Ilikuwa michezo yangu, ndiyo iliyonipa marafiki. Ni hao hao waliokubandika jina la Sina Habari, na wakalipeleka mpaka darasani. Ulipoacha shule darasa la tano watu walisema umechoka kusoma. Mimi nilikuwa najua, nikanyamaza.

Siku ya mwisho ya mchezo ule uligeuka kabla sijashusha mikono. Uliiona. Uliitazama mikono yangu, ukanitazama mimi, ukarudi kwenye nguo zako. Jioni ulinisuka kama kawaida, na hukunivuta hata unywele mmoja. Laiti ungenivuta.

Sasa sikia nililofanya nikiwa mtu mzima, mwenye mtoto. Yule kijana alikaa, akachukua kalamu, akauliza kama kwenye ukoo wetu yupo mtu mwenye shida ya kusikia. Nikasema hakuna. Nilijibu hata hajamaliza swali.

Pilipili alikuwa ameshanigeukia, ananisoma mdomo. Kumbe ndivyo anavyoishi, kwa midomo yetu.

"Na Mama Mkubwa?" akauliza. "Mbona yeye huwa humpigii simu, unamwandikia tu?"

"Kule kwake mtandao mbaya," nikasema.

Bi Fomu alivua miwani, akaifuta polepole kwa ncha ya mtandio. "Mtandao huo, mama, una umri gani?"

Nilikukana, Dada. Nilikukana mbele ya mtoto uliyempokea kwa mikono yako akizaliwa, uliyempa jina la Pilipili kwa vile alivyotoka mwekundu analia. Mimi na wewe tumesingizia mtandao mpaka minara imejengwa na kuanza kuota kutu. Wanasema siri ya mtungi aijuaye kata. Lakini kata hii imemwagia maji nje ya kinywa cha mtoto.

Nikaomba fomu. Niliandika mahali pa ukoo: dada yangu mkubwa. Kwenye vile visanduku nilitia alama kimoja kimoja, bila rula.

Mambo yameanza kusogea. Amewekwa mbele, upande ambao sikio la kulia linamwelekea mwalimu. Kifaa cha kusikia cha sikio la kushoto wamekiagiza, hatulipii. Na mara tatu kwa wiki anaingia wodi. Siku ya kwanza nilimsubiri getini nikijua atatoka analia. Akatoka anaruka. "Mama, kule ndani hakuna kelele!" Kumbe zulia na mapazia ni ya kumeza mwangwi, ili watoto kama yeye wasikie. Mimi miaka mitatu nilidhani ni ya kuwaficha.

Nimemwomba msamaha kwa sikio. Aliniambia halikuwa linauma sana. Hilo ndilo lililoniuma.

Sasa nakuja kwenye sababu ya barua hii, na hapa sitakubembeleza.

Mtaalamu anasema kama shida ya ukoo wetu hukaa sikio moja, kifaa na kiti cha mbele vinamtosha. Lakini kama huanza moja kisha ikahamia la pili, Pilipili anatakiwa aanze kujifunza lugha ya ishara sasa hivi, wakati bado anasikia anapoelezwa, na mimi nikae darasani pamoja naye kila Jumamosi. Darasa hilo ni la wilaya nzima, watoto wanane tu, na nafasi zilizobaki ni mbili. Hawezi kumpa Pilipili nafasi kwa kubahatisha, wapo wengine wanaoihitaji. Orodha inafungwa mwisho wa mwezi wa nne. Anataka barua ya mtu mwenyewe: lilianza sikio gani, ukiwa na miaka mingapi, na la pili likoje leo.

Mtu mwenyewe ni wewe, Dada. Hakuna mwingine.

La kulia bado linasikia? Kwenye msiba wa Mama ulikuwa umekaa kwenye mkeka, nami nikakuita kutoka mlangoni, upande wako wa kulia. Nilikuita mara mbili. Kisha nikazunguka mpaka mbele yako, nikajifanya ndiyo kwanza nafika. Nadhani nilikuwa nakusitiri. Au nilikuwa naendelea na mchezo ule ule, ila bila makofi.

Usiniandikie kwamba ni uchovu wa kelele za cherehani. Usiniandikie habari za mtandao. Kama linasikia, sema linasikia, nami nitashukuru. Kama limekwenda, sema limekwenda, na mimi na mwanao tutajifunza ishara, halafu tutakuja likizo tukufundishe na wewe. Ukikasirika, kasirika, lakini ukikasirika andika. Mtoto asilipe aibu yangu mara ya pili.

Nimeambatisha karatasi yao yenye maswali. Visanduku vipo, ila chini wameacha nafasi ya maelezo. Jaza kwenye maelezo, visanduku havitatosha. Mpe dereva akirudi Alhamisi, na mwambie hii si ya kujichua.

Nisalimie sana Shemeji, mwambie shati lake la kijani lilitoka doa. Wasalimie wanangu wawili, hasa yule mdogo anayekusemea dukani. Mwambie kwamba mimi, Mama yake Mdogo, najua anachofanya, na kwamba ni mtoto mwema kuliko mimi nilivyokuwa. Msalimie na jirani yako fundi viatu, soli yake bado imeshika.

Pilipili ameingia sasa hivi na viatu vinachuruzika maji. Ameuliza naandika kwa nani. Nikamweleza, na nikamsimulia na ile habari ya uani, ya beseni na makofi, nikiwa nimemgeukia asome yote. Akafikiri. Akauliza, "Mama Mkubwa alikasirika?" Nikamwambia sijui, miaka yote hii sijawahi kumuuliza. Akanitazama kama wewe ulivyonitazama siku ile. Akasema, "Si umuulize?"

Basi nakuuliza, Dada. Ulikasirika?

Mungu akulinde mbele yako na kulia na kushoto. Na nyuma pia, pale nilipokuwa nasimama mimi.

Ni mimi mdogo wako, nikupendaye,
Mama Pilipili