Binti Yangu Amesema Mapenzi ni Kemikali, na Jumamosi Naitwa Kaplong

Shangazi Velma, salamu nyingi kutoka huku Roret. Nimekusoma miaka mingi nikicheka shida za wengine, na leo zamu yangu imefika. Ukiichapisha barua hii nakusihi jina langu uliache, na hao wengine nimewapa majina ya kubuni, maana huku tunajuana hadi ng'ombe.

Nijiite Kemuma. Nina miaka hamsini na moja, mimi ni Mkisii lakini nilizaliwa kwa kambi ya wachuna chai upande wa Kericho, wazazi wangu walikuja kutafuta kazi na hawakurudi tena kwao, na mume wangu ni Mkipsigis, nimwite Kipkirui, ameniweka vizuri, tuna chai yetu nyuma ya nyumba mpaka mtoni, tuna ng'ombe wa maziwa, watoto watatu wote wametoka nyumbani, kwa hivyo usifikirie ni njaa inanisumbua. Shida ni moyo wangu.

Ilianza likizo ya juzi, wakati kitinda mimba wetu Chepchirchir, anayesomea baiolojia chuo kikuu, alikuja nyumbani, tukawa tunachambua managu jikoni, na mimi nikamtania, "Kwani huko chuoni hakuna hata mmoja wa kutuletea?" Akacheka sana.

"Mum, hiyo kitu mnaita mapenzi ni kemikali tu. Moyo unadunda, chakula hakishuki, ni mwili unakusukuma upate mtoto. Baada ya miaka mitatu, minne hivi, inapoa. Mtoto ameshatembea, kazi imeisha. Tumeumbwa hivyo tangu watu wa zamani kabisa."

"Na mimi na baba yako?"

"Nyinyi mmezoeana tu, Mum."

Aki Shangazi, mtoto alisema hivyo akaendelea na mboga, lakini mimi mikono ilikwama. Kwa sababu nilikumbuka. Nilikumbuka nikiwa msichana kwa kampuni ya chai, asubuhi ya ukungu, eproni ya plastiki imelowa mpaka magotini, kapu mgongoni, kila mtu na mstari wake, na Kipkirui alikuwa na mikono ya haraka kutushinda wote, akimaliza mstari wake hakukaa kupumzika, alizunguka akaingia wangu kutoka upande ule mwingine, akichuna akija, na mimi nikichuna nikienda, hatusemi kitu, naona tu kofia yake ikikaribia juu ya majani, na tulipokutana katikati alinuka ule mkaa wa mti wa senetwet ambao mama yake alisugulia vibuyu vya mursik, yale maziwa yao ya kugandisha, na moyo wangu ulikuwa unadunda mpaka naogopa nyapara atasikia. Nyumbani kwetu walikataa, kwao walikataa, tukaoana hivyo hivyo. Hata mwaka ule wa fujo za uchaguzi, watu wakichomeana nyumba, ndugu zake walimwambia anirudishe kwetu, na yeye akabeba kiti akaenda kukaa kwa geti, na akaketi hapo mpaka mambo yakatulia, na hatujawahi kuzungumza habari hiyo tena.

Sasa niambie hayo yote yalienda wapi. Tulinunua mashine ya kuchuna, kapu langu likapanda darini, na siku hizi Kipkirui anashika mashine na jirani yetu Atuti anashika mfuko wa nyuma, mimi nakaa nyumbani nikisikia ule mngurumo, na mzee akirudi ananuka petroli. Na usumbufu anao! Namwekea chupa ya chai na kikombe kando ya shamba, lakini bado anazima mashine katikati ya kazi anaita, "Kemuma, kuja uone hapa," naacha kazi yangu nashuka, nikifika hakuna cha kuona, ananiuliza tu kama ng'ombe wamekunywa maji. Jioni anakula, anasikiliza habari, analala. Nikimwangalia, moyo umetulia tu, haudundi hata kidogo.

Na hapo katikati ndio amejitokeza Obure. Huyu alichuna mstari uliopakana na wangu kabla Kipkirui hajaja pale kampuni, ni Mkisii mwenzangu, ndiye wa kwanza kuniambia niko na sauti nzuri, alienda Nairobi akasema atarudi kunichukua na hakurudi. Sasa amestaafu, mkewe alifariki, amefungua duka la chakula cha mifugo Kaplong, alinipata kwa grupu ya WhatsApp ya waliokuwa kwaya ya kambi. Alipiga simu, na Shangazi, niliposikia "Kemuma wa mstari wa juu," moyo ulidunda vilevile! Nikaunguza ugali. Mimi, nyanya wa wajukuu wawili, naficha simu kwa unga! Amesema watoto wamekua, nangoja nini, nije Jumamosi tunywe chai tupange maisha, na nikija nije nimeamua.

Nimewaza hivi: kama binti yangu anasema kweli, basi kazi yangu na Kipkirui iliisha zamani, na huu moyo unaodunda ndio mapenzi yenyewe yamerudi. Gauni nimeshapiga pasi. Nikienda nitakuwa nimekosa, ama nitakuwa nafuata tu vile nimeumbwa? Nisaidie kabla ya Jumamosi.

Mama wa Roret


SHANGAZI VELMA ANAJIBU

Mama wa Roret, pole. Hiyo pole ni moja, usingoje ya pili.

Kwanza binti yako. Hajakudanganya, amekupa nusu ya somo, na wewe nusu hiyo umeifungia safari. Ni kweli ule mdundo ni kazi ya mwili, na ni kweli kwa wengi hupoa baada ya miaka michache. Lakini ungemuuliza Chepchirchir kabla hajamaliza kuchambua mboga: ikiwa mambo yanaishia mtoto akitembea, mbona wanadamu hawakutawanyika hapo? Ndama anasimama siku anayozaliwa. Mtoto wa mtu unamlisha, unamvisha, unamfundisha, na bado akiwa chuo kikuu anakuja kula managu yako. Mtoto mzito namna hiyo hakulelewa na mdundo wa miaka mitatu. Wanaochunguza mambo haya bado wanabishana kwa mengi, lakini wengi wao watakuambia kuna kamba ya pili mwilini, inayosukwa polepole, kwa kuguswa, kwa kulishana, kwa kufanya kazi bega kwa bega. Hiyo haipigi kelele. Unaijua ikikatika, na hapo umechelewa.

Binti yako anaiita kuzoeana. Ni msichana, msamehe. Wewe una miaka hamsini na moja, wewe sikusamehe!

Hebu soma barua yako mwenyewe. Mzee ana chupa ya chai kando yake, ana kikombe, ana Atuti wa kupiga naye stori, na bado anazima mashine akuite uje uone mahali hakuna kitu. Mama, alitaka kukuona wewe! Alizoea ukija kutoka upande ule mwingine wa mstari, na sasa akifika katikati hakuna mtu. Hajui kusema maneno hayo, kwa hivyo anauliza habari za ng'ombe. Na wewe unaita usumbufu. Mtu aliyekaa kwa geti nyumba zikichomwa, unamngoja akuchezeshe moyo na simu?

Sitakucheka kwa kukumbuka. Hata mimi nikisoma habari ya kofia ile ikikaribia juu ya majani nimeweka karatasi chini kidogo. Ujana wako ulikuwa mzuri na una haki ya kuulilia. Lakini angalia ulipougeukia. Mapenzi uliyoniandikia kwa wino mrefu hivyo ni ya Kipkirui. Obure umempa mistari michache, na ndani yake mna ahadi moja, ambayo hakuitimiza.

Mdundo wake ni wa kweli, sikatai. Mwili hudunda kwa kitu kipya, na hudunda kwa kitu cha kufichwa. Simu ikitoka kwa unga ikakaa mezani, utashangaa jinsi moyo utakavyotulia. Naye huyo Obure ukimfulia soksi mwaka mzima, atakula, atasikiliza habari, atalala. Utahamia wapi tena hapo?

Sasa sikiliza, na usibishane nami. Mpigie Obure leo, mchana, ukiwa umesimama uwanjani watu wakipita, umwambie huji na asipige tena. Ujumbe hautoshi, watu hujibu ujumbe. Ukimaliza, toka kwa hiyo grupu. Kesho mwambie Atuti apumzike, shika wewe ule mfuko wa mashine, utembee nyuma ya mume wako mpaka mtoni. Utachoka na utanuka petroli. Mkikaa kunywa chai, mwambie unamkumbuka. Usimwambie habari za Kaplong, maana huko hujaenda. Mwambie habari za kampuni, za nyapara, za eproni zilizolowa, halafu nyamaza umwache atafute maneno. Akichelewa kuyapata, ngoja.

Sikuahidi moyo utadunda. Wapo waliooana miaka mingi na bado unadunda, wapo ambao haudundi na hawabadilishi mtu kwa lolote.

Lakini ujue hili. Jumamosi Obure anamngoja msichana wa kwaya, na wewe umempigia gauni pasi msichana huyo huyo. Ukifika pale dukani atainua macho, amwone nyanya wa wajukuu wawili, na utayaona macho yake yakimtafuta yule mwingine nyuma yako. Kwa dunia nzima amebaki mtu mmoja akikuangalia anawaona wote wawili, na yuko hapo chini shambani, amezima mashine, anakuita.