Mboga Nusu Sahani

Jumatatu, mchana. Mvua ya asubuhi imekatika, jua limetoka, na mabati ya mtaa wetu wa Buzebazeba, hapa Kigoma, yanafuka mvuke. Moyo wangu ni mwepesi. Kiuno kinaniuma, lakini kinauma kwa sababu ya furaha, na nitaieleza hapo mbele.

Nimerudi nyumbani kutoka likizo.

Neno hilo naliandika kwa kusitasita, kwa kuwa likizo yenyewe ilikuwa Bangwe, na kutoka hapa hadi Bangwe ni mwendo mfupi wa bajaji. Binti yangu Zuhura, mtumishi wa serikali huko Dodoma, alikuja wiki iliyopita pamoja na mwanawe Tatu. Akatupangia vyumba katika nyumba ya wageni iliyo ukingoni mwa ziwa, jirani na bustani ya michezo yenye mabembea, treni ya watoto, farasi wa kuzunguka, na utelezi mrefu wa maji unaowamwaga watu ndani ya bwawa. Nilimwambia kwamba mtu haendi likizo katika mji wake mwenyewe. Akanijibu kwamba sisi tunaoishi kando ya ziwa huliona tukiwa tunapita tu, hatujawahi kuliona tukiwa tumekaa. Sentensi yake ilikuwa sahihi.

Lakini binti yangu hakuja kwa ajili ya ziwa peke yake. Alikuja kwa ajili ya sukari yangu.

Sukari imekuwa ikipanda. Daktari aliniagiza nipunguze ugali, niache mafuta mengi na vitu vitamu, nile mboga na nitembee. Nimekuwa nikijitahidi, mara kwa bidii, mara kwa maneno tu. Zuhura aliposikia hivyo, aliongeza sharti lake. Leo Jumatatu, kabla ya chai, angenipima kwa kimashine chake cha kupimia sukari. Ikiwa sukari imeshuka, mimi na mama yake tungebaki nyumbani kwetu. Ikiwa haijashuka, tungefunga mizigo na kwenda kuishi naye, mahali anapoweza kuiona sahani yangu kwa macho yake.

Sina ugomvi na Dodoma. Ila Dodoma haina ziwa, haina Ujiji, na haina mtu hata mmoja anayeniamkia asubuhi kwa kuniita Mwalimu.

Kwa hiyo Ijumaa asubuhi, tulipofika Bangwe, nilisema nitafuata masharti, mradi niyatunge mimi. Nimefundisha sarufi maisha yangu yote. Siwezi kuishi chini ya sentensi iliyolegea. Nikatunga: nusu ya sahani mboga, robo ugali, robo kitoweo. Nikafafanua kwamba mboga ni majani, na kitoweo ni samaki, nyama au maharage, na kwamba watu wanaoita samaki mboga wanaiharibu lugha. Mke wangu, Mama Zuhura, alipiga miayo. Somo hilo amelisikia tangu tuoane. Tatu, ambaye ana miaka tisa, alisikiliza kwa makini kuliko nilivyodhani.

Jikoni kwa nyumba ile ya wageni kuna Mama Riziki, mwenyeji wa Kidahwe, mwanamke mkubwa mwenye kicheko cha polepole. Nilimpa agizo langu kwa maneno yaleyale: nusu ya sahani iwe mboga. Akasema ameelewa.

Na kweli alielewa, kwa Kiswahili cha huku kwetu. Huku kwetu mboga ni chochote kinachosindikiza ugali.

Nilirudi kutoka msikitini mchana ule nikiwa na njaa ya haki. Zuhura na Tatu walikuwa bado bustanini. Mama Zuhura alikuwa amekaa ufukweni, miguu majini. Nikakaa mezani peke yangu. Mama Riziki akaja, akatua sahani. Nusu yake ilikuwa imejaa migebuka iliyokaangwa kwa mawese, myekundu, mikia imekakamaa, mafuta bado yanachezacheza pembeni. Ugali wa muhogo ulikuwa mkubwa kulingana na samaki wale. Majani yalikuwa kidogo sana, yamekaa ukingoni kama mgeni asiyejulikana na mtu.

"Mboga nusu sahani, Mwalimu, kama ulivyoagiza," akasema.

Nililiona kosa mara moja. Sahihisho lilikwishafika kwenye ulimi. Lakini harufu ya mawese nayo ilikwishafika puani, na hivyo viwili vilipokutana, sahihisho lilirudi lilikotoka.

Nilinyamaza.

Ee shajara, wewe unajua uzito wa jambo hilo. Mimi humsahihisha muuza vocha. Humsahihisha mtu anayenipa pole. Lakini neno "mboga" lilipita mbele yangu limevaa samaki watatu, nami nikaliachia lipite.

Nilikula kwa furaha isiyo na kifani. Na kwa kuwa mtu akishaanza kunyamaza huona kunyamaza ni rahisi, Mama Riziki alipopita tena na kuniuliza kama aniongezee mboga, nilimwambia aniongezee. Sikujua kwamba nyuma yangu Tatu amesimama, nywele zinadondosha maji, amejifunga taulo.

"Babu," akasema, "ile si ni kitoweo?"

Nikamwambia aende akajikaushe. Hakwenda. Akaeleza, kwa sauti ambayo meza zote zilisikia, kwamba Babu alisema samaki si mboga, na kwamba Bibi wa jikoni amekosea kusema, na Babu hakumsahihisha, na kwamba huenda Babu anaumwa.

Mama Zuhura alikuwa amefika mlangoni. Alicheka mpaka akashika fremu ya mlango. Wageni waliokuwa jirani wakacheka bila kujua wanachekea nini. Zuhura, aliyekuwa amemfuata mwanawe kutoka bustanini, hakucheka. Alivuta kiti, akakaa mbele yangu, akaitazama mifupa.

"Baba," akasema, "siku ukinyamaza, mimi najua kuna jambo."

Kisha akasema jambo moja zaidi, kwa upole, na upole huo ndio uliouma. Alisema chumba cha Dodoma amekwisha kukipaka rangi.

Ijumaa usiku sikuota ndoto nzuri. Lakini Jumamosi niliamka nikiwa mtu mwingine, au tuseme mtu yuleyule aliyepigwa mstari mwekundu. Nilitembea ufukweni na mke wangu kabla jua halijapanda. Maji yalikuwa maangavu hata changarawe zilionekana chini, na milima ya Kongo ilikuwa karibu kana kwamba imesogezwa usiku. Tuliwakuta wanawake wakianika dagaa, tukaamkiana nao, tukaendelea. Mama Zuhura aliniuliza kama nimewahi kutembea naye hivi, bila kwenda mahali popote. Tukakubaliana kwamba hatujawahi, na kwamba tumechelewa kuanza, na kwamba hakuna aliyetuambia tuache.

Tuliporudi, Mama Riziki alikuwa akifagia uwanja.

"Mwakeye, Mwalimu," akaniamkia kwa Kiha, akiegemea ufagio. "Leo nikupikie mboga ipi, ya kamusi au ya Kigoma?"

Nilimjibu kwamba nataka ya kamusi. Mchana akaniletea isombe, kisamvu kilichotwangwa vizuri, kwa nyanya na vitunguu, bila tone la mawese. Alisimama akinitazama nikila, kwa uso wa mtu aliyefika msibani. Nami nasema kweli: kijiko cha kwanza kilikuwa wajibu, cha pili kilikuwa subira, lakini cha tatu kilikuwa chakula. Hata nilikomba sahani.

Jioni tulikwenda wote kwenye bustani ya michezo, na hapo ndipo majaribu yalipokuwa yamejipanga kwa foleni. Kila baada ya hatua chache palikuwa na mtu anakaanga kitu. Chipsi mayai, sambusa, maandazi, visheti, soda za rangi ambazo tunda lolote lingeona haya kuzidai. Watoto walipita na bisi zenye sukari. Ukutani paliandikwa "Vifaa hizi ni mali ya watoto", nami nikaenda kumweleza msimamizi kwamba ni "vifaa hivi". Akanishukuru kwa adabu. Zuhura alimnong'oneza mama yake kwamba Baba amepona.

Kisha Tatu alinunuliwa ile sukari inayosokotwa kama pamba, ya waridi, kubwa kuliko kichwa chake. Zamu yake ya farasi wa kuzunguka ikafika, na farasi hawaruhusu vyakula. Akanikabidhi kijiti.

Nilisimama pale mfano wa askari mwenye bendera. Nilinyoosha mkono mbali na uso. Upepo wa ziwa hauna adabu. Ulichukua nyuzi za sukari ile na kunizungusha nazo. Tatu kila akipita juu ya farasi wake alinikazia macho. Aliposhuka, alinikagua, akakuta sukari imeganda kwenye ndevu zangu. Nilimwambia kwamba ndevu zimekula, mimi sikula. Kiima cha sentensi ni ndevu. Alifikiri kidogo, akakubali. Mtoto yule atafika mbali.

Akaniambia kwamba kwa kuwa nimeshinda, nastahili zawadi, na zawadi ni kuteleza.

Nilimweleza kwamba mtu wa umri wangu hatelezi. Mama Zuhura akasema daktari ametaka mazoezi, na zile ngazi ni mazoezi, na kushuka kwake ni juu yangu mwenyewe. Zuhura tayari alikuwa ananipokea saa na miwani. Nilipanda ngazi polepole, nikiwa nimevaa kaptura ya kuazima, huku vijana nyuma yangu wakiniambia, "Shikamoo Mzee, taratibu." Juu kabisa niliona ziwa lote, na mji, na nikatafuta upande wa nyumbani kwangu. Nikawaza: haya yote nitayaacha kwa ajili ya samaki waliokaangwa?

Nikakaa. Nikajisukuma.

Sijui nilisema nini njiani, lakini Mama Zuhura anadai halikuwa neno la darasani. Kofia yangu ilifika kabla yangu. Niliingia bwawani kwa kishindo, nikagonga kiuno chini, nikaibuka, na watu nisiowajua wakapiga makofi. Nilisimama majini nikicheka, nisiweze kuacha. Nilipofuta macho, nikamwona mke wangu ukingoni, amekunja gauni mpaka magotini, anauliza foleni inaanzia wapi.

Tuliteleza tena pamoja. Sitaandika zaidi kuhusu hilo. Mambo mengine ni ya mume na mke.

Jana tulikula mlo wetu wa mwisho pale Bangwe. Mama Riziki mwenyewe alileta sahani yangu, akaitua katikati ya meza ili wote waione. Mchicha na isombe vilijaa nusu. Ugali ulikaa robo yake. Kwenye robo iliyobaki palikuwa na kipande cha mgebuka wa kuchoma, umekamuliwa ndimu, hauna mafuta. Akatangaza kwa sauti ya mwanafunzi aliyeitwa ubaoni: mboga nusu, ugali robo, kitoweo robo. Zuhura akampigia makofi.

Nilimaliza sahani, na njaa kidogo ikabaki. Nikamwambia Mama Riziki aniongezee mboga.

Hakuondoka. Alisimama, mkono kiunoni, nyusi juu, akitabasamu. Jikoni kwake migebuka mingine ilikuwa ikilia kwenye kikaango. Tatu aliacha kutafuna.

"Majani, Mama Riziki," nikasema. "Niongezee majani."

Walicheka wote, na mimi nilicheka zaidi yao. Neno lenyewe si la kitaalamu. Majani yanaliwa pia na mbuzi. Lakini lilieleweka, na sahani iliyokuja ilikuwa ya kijani kibichi.

Leo asubuhi, hapa nyumbani, Zuhura alinitoboa kidole mvua ikinyesha. Mama Zuhura alikuwa amesimama na birika mkononi, hamimini. Tatu alikuwa amelala chini ya meza, au alijifanya amelala. Kimashine kiliwaza kwa muda uliotosha kunirudishia mbele ya macho kila mgebuka wa Ijumaa. Kisha Zuhura alikitazama, akakigeuza, akakitazama tena. Nilijaribu kuusoma uso wake, lakini uso wa mtumishi wa serikali hausomeki kirahisi.

"Imeshuka, Baba," akasema. "Mtabaki."

Hakusema nimepona. Alisema imeshuka, na akaniambia kwamba kila siku mchana atapiga simu ya picha, nami nitaielekeza kwenye sahani kabla ya kuielekeza usoni kwangu. Nimekubali. Nilimwomba tu asikibandue rangi kile chumba cha Dodoma, maana tutakuja kutembea. Mama Zuhura ndipo akamimina chai, bila sukari, na kwa mara ya kwanza sikuiona kuwa ni adhabu. Tatu akaibuka chini ya meza akauliza kama Dodoma wanaweza kujenga utelezi.

Sasa Zuhura na Tatu wamekwenda sokoni Ujiji kununua dagaa wa kupeleka Dodoma, nami nimekaa kibarazani naandika, mto mdogo umewekwa nyuma ya kiuno. Najiuliza: nitaweza kula hivi kesho, na keshokutwa, wakati hakuna mtoto nyuma yangu wa kuuliza swali? Sijui. Najua tu kwamba siku nitakapoanza kunyamaza, nitakuwa nimekwisha kuanza kudanganya.

Mama Zuhura ananiita kutoka jikoni. Anauliza swali ambalo ameniuliza kila siku tangu tuanze maisha, swali ambalo nimelisahihisha kila siku kwa kumwambia aseme kitoweo:

"Mwalimu, leo mboga gani?"

Nimemjibu, "Mchicha."

Amechungulia mlangoni, akisubiri masahihisho. Hayakuja. Hayakuhitajika. Leo swali lake, jibu langu na kamusi vimepatana.