Kalamu Nyekundu ya Mama

Kwako mdogo wangu,

Pokea salamu nyingi, wewe, wifi na watoto. Natumai yale mafua yamekuachia. Mimi ni mzima wa mwili. Mama naye anakula, anatembea, na bado anatukosoa Kiswahili. Nina jambo zito, ila usinipigie simu kabla hujamaliza kusoma.

Nilikwambia hospitali inatafuta wazee wenye ugonjwa wa kusahau, wawasaidie watafiti kupanga maswali yao. Mimi nilicheka. Nikasema mtu asiyekumbuka kama amekunywa chai atamsaidia nani? Nikampeleka hivyo hivyo, angalau nipumue.

Kumbe mwalimu ni mwalimu tu. Alipewa fomu, akadai kalamu nyekundu. Palipoandikwa “Je, mgonjwa anakula mwenyewe?” akakata, akaandika pembeni: “Mimi nipo hapa. Niulizeni mimi.” Watafiti wakabadilisha fomu nzima. Tangu hapo kila Jumanne anaamka mapema, anavaa viatu vya ngozi, anatuaga kwamba anakwenda kazini.

Jumanne ya nne waliuliza habari za wanaowatunza nyumbani. Nikadakia kujibu, kama kawaida yangu. Mtafiti akaniomba kwa adabu nimwache mama aseme. Mama akasema, “Kuna mwanamke pale nyumbani ananifokea. Jana kaninyang'anya kijiko. Ila msimwambie binti yangu, ataumia.”

Mwanamke huyo ni mimi, mdogo wangu. Nilikuwa nimekaa pembeni yake, nimemshikia mkoba. Watu wote wakainamia karatasi zao, nikatamani ardhi inimeze.

Sasa sikia nililofanya. Niliwaambia watafiti kwamba mama hataki tena kuendelea, nikatia saini kwa niaba yake. Mama hakusema hivyo hata siku moja. Jumanne mbili sasa amekaa mlangoni na viatu vyake, nami namdanganya kwamba kazi imekwisha. Naona aibu hata kumtazama usoni. Jana alinishika mkono, akaninong'oneza: “Dada, mwambie binti yangu anipeleke. Yeye hawezi kuninyima.”

Leo asubuhi nimewapigia watafiti, nikawaeleza ukweli wote. Jumanne nitampeleka. Nitakaa nje, aseme atakavyo.

Wabusu watoto. Wifi msalimie, ila barua hii asiione, tafadhali.

Ni mimi, dada yako.