Mgongo Wangu na Mlango wa Mama Mkwe

Jumapili, 1 Septemba 1974
Nimegeuzwa tena. Kabula ameshika bega na nyonga, akavuta, nami nikageuka mzima mzima kama gogo. Ndivyo mke wangu alivyofundishwa na daktari wa Mwanza. Kukunja kiuno marufuku. Kukalia kigoda marufuku. Kuinua hata sufuria ya uji marufuku. Nimebakiwa na kazi ya kupumua na kulalamika, na zote nazifanya vizuri.

Mshono umekauka. Maumivu hayajakauka. Yanaanzia kiunoni, yanashuka nyuma ya paja la kushoto hadi kidole gumba. Gunia la pamba liliniangukia nikipakia lori la ushirika, likabana mshipa wa fahamu. Wameupasua mgongo, wameuachia mshipa, lakini utachelewa kutulia. Daktari akaongeza: mguu ukifa ganzi, pigeni mbio kwa tabibu, la sivyo huyu hatatembea tena. Hilo aliniambia peke yangu. Kabula sijamwambia.

Naandika kwa penseli. Kalamu ya wino inagoma mtu akiwa chali.

Jumanne, 3 Septemba
Nyumba hii sijaizoea. Nilikwenda hospitali nikiwa na mji wangu kando ya mto, umezungukwa na minyaa. Nimerudishwa kwenye kijiji cha ujamaa, hapahapa Zagayu, nyumba zimesimama mstari kama wanafunzi kwenye gwaride. Operesheni ya kuhamishia watu vijijini ilipita nikiwa wodini. Kabula alihama peke yake na ng'ombe na miti ya paa. Sikuinua hata fito moja. Inaniuma kuliko mshono.

Aliyegawa viwanja hakuuliza nani ni nani kwa nani. Kiwanja kinachofuata chetu kapewa mama mkwe.

Kwetu mwanamume na mama mkwe wake hawaonani. Ukimkuta njiani unaingia porini. Jina lake hulitaji, mkono humpi, chakula huli mbele yake. Sasa mlango wake unatazama baraza yangu. Akipiga chafya naitikia moyoni.

Alhamisi, 5 Septemba
Joto. Ndani hakuna hata dirisha, kwa hiyo mchana Kabula ananitoa barazani, juu ya kitanda cha mbao. Nikiwa barazani, mama mkwe hawezi kutoka. Leo hakwenda kisimani mpaka niliporudishwa ndani. Ameshinda na kiu kwa sababu ya mgongo wangu.

Tumeamua nilale ubavu wa kushoto, uso kwenye zizi, nimpe mgongo apate kupita. Kushoto ndiko kwenye moto. Basi. Heshima kwanza.

Jumamosi, 7 Septemba
Balozi wa nyumba kumi kaja kunijulia hali. Kabula akaomba tubadilishiwe kiwanja.
"Ndugu, ramani imeshapitishwa wilayani."
Akaomba basi tujenge ua wa mabua katikati.
"Ujamaa hauna ua, mama. Watu waonane."
Waonane! Huyu naye ana mama mkwe, anaishi Lalago, mbali kabisa. Ningekuwa na miguu ningemtoa barazani kwa fimbo.

Jumatatu, 9 Septemba
Ubavu wa kushoto kuanzia asubuhi. Nimeng'ata shuka mpaka limechanika. Leo nimemchukia yule mama. Naandika jambo kama lilivyo. Kila akitaka kupita anakohoa, mimi najifunika uso. Anarudi, anakohoa. Anakwenda kwa kuku, anakohoa. Jirani amemuuliza Kabula kama mama yake ana kifua kikuu.

Jumatano, 11 Septemba
Kidole gumba hakisikii. Nimekifinya kwa kucha za mguu wa pili. Kimya.

Mjomba wa Kabula amekuja na habari za fundi wa Mwamapalala anayepanda watu mgongoni. Anakanyaga, mgongo unalia ka! mtu anainuka. Nikamwambia akikanyaga wangu utalia ka! na sitainuka. Mjomba alicheka. Kabula hakucheka. Anataka tujaribu. Naogopa. Naogopa fundi, naogopa kidole.

Ijumaa, 13 Septemba
Ganzi imefika kwenye kifundo. Nimemwambia Kabula yote, na maneno ya daktari.

Alilia kidogo, kisha akakasirika.
"Baba Limi, mguu ni wako peke yako?"
Kesho anapanda lori la pamba kwenda Bariadi kumtafuta tabibu.

Jumapili, 15 Septemba
Jana sikuweza kuandika.

Kabula aliondoka mapema. Watu wote walikuwa shamba la kijiji wanang'oa mabua ya pamba. Nilikuwa ndani. Mkojo ukanibana, kopo liko mbali. Nikasimama kwa fimbo. Mguu wa kushoto ukanikana. Nikaanguka kifudifudi kati ya kitanda na ukuta, shuka kule, mimi huku. Nilipojikunja niinuke, maumivu yakanikata pumzi. Nikapiga kelele. Hakuna aliyeitika. Nikalia, na mvi zangu zote.

Kisha nikasikia kikohozi mlangoni.

Nikasema asiingie. Nilisema hivyo kweli, mpumbavu mimi. Alimsemesha kuku aliyekuwa akidonoa kizingitini, maana mkwe huambiwa neno kupitia mwingine.
"We kuku, mwambie huyo mtu asijikunje. Atulie."
Nikamwambia kuku kwamba niko uchi.
"Mwambie mimi mzee. Macho nimeyaacha nyumbani."

Akaingia kinyumenyume, khanga usoni. Shuka likatupwa, likaniangukia mgongoni. Akasimama. Nilimsikia anavyohema, anaogopa kama mimi. Halafu mikono yake ikashika bega na nyonga, ikavuta, nikageuka mzima mzima bila kukunja kiuno. Kuta zetu nyembamba. Amekuwa akitusikia tukielekezana kila asubuhi.

Akasukuma ngozi ya ng'ombe chini yangu, akatoka, akakaa kizingitini akinipa mgongo mpaka Kabula aliporudi na tabibu. Kuku akaendelea kudonoa.

Jumatatu, 16 Septemba
Jana nilichoka kabla ya kumaliza, naandika leo alichosema tabibu juzi. Alinichoma kwa pini. Kidole, hakuna. Juu ya unyayo, hakuna. Kifundo, kwa mbali. Akauliza huwa nalalaje. Kabula akamwonyesha.
"Siku zote ubavu huu? Nani alikuambia?"
Nikatazama paa.

Akabonyeza pembeni ya goti la kushoto, nikaruka. Akasema pale unapita mshipa mwingine, uko juujuu, na mimi nimeulalia juu ya mbao tangu asubuhi mpaka jioni. Mgongo haujaharibika, hata baada ya kuanguka. Mguu ndio ninauua mwenyewe. Nikiacha kuulalia huenda utaamka. Huenda. Sipendi neno hilo.

Nilale chali au kulia. Kulia ni kumtazama mama mkwe mlangoni.

Alhamisi, 19 Septemba
Mama mkwe hali chakula. Anasema amemshika mkwe, ameharibu, atarudi kwao akafe huko. Kabula anakimbia kati ya nyumba mbili, analia kote kuwili. Mimi nimebaki ndani gizani, nalala kulia, natazama ukuta. Mguu kimya. Nimechoka kuwa mzigo wa wanawake wawili. Nimempigia Kabula kelele kwa sababu ya chumvi. Hakustahili.

Jumapili, 22 Septemba
Wazee wamekuja kutuondolea mwiko tuliouvunja. Mbuzi amechinjwa, maneno yamesemwa, kila mmoja akinawa upande wake wa nyumba. Jioni Kabula alipeleka ugali na maini. Sahani imerudi tupu.

Jumatano, 25 Septemba
Sauti ya panga nje. Mama mkwe anasimika mabua ya mtama kati ya viwanja, anafunga kwa kamba za katani. Hakumwomba mtu ruhusa. Balozi akafika. Nilimsikia akikohoa, sasa zamu yake. Panga halikusimama. Akamsalimia kikwetu, "Mwadila, mayu," akaenda zake.

Kesho narudi barazani.

Ijumaa, 4 Oktoba
Sisimizi wanatembea kwenye unyayo. Nimemwita Kabula awatoe. Ametazama, hakuna sisimizi. Tumetazamana. Huenda mguu unaamka.

Jumatatu, 14 Oktoba
Nimesimama. Nimekwenda zizini na kurudi kwa fimbo mbili, Kabula nyuma yangu mikono wazi kama anayefukuza kuku. Maumivu yapo. Ya kiunoni nimeyazoea, tunaishi pamoja. Kidole gumba bado.

Jumapili, 27 Oktoba
Jana mvua ya kwanza. Leo hewa safi.

Nimetembea kwa fimbo moja, peke yangu, mpaka njia ya kisimani. Mama mkwe akatokea mbele na mtungi kichwani. Nikatoka njiani, nikaingia majanini, nikageuza uso pembeni. Nikasimama hapo mpaka alipopita. Hakukohoa.

Nilikuwa peku. Majani yalikuwa na maji, ya baridi. Mguu wa kushoto uliisikia baridi hiyo yote, mpaka kwenye kidole gumba.