Miti Tuliyopanda Kwenye Chemchemi

Mama mpendwa,

Salamu kutoka ziara yetu ya shule huku Kibirichia, ambako baridi imewafanya wanafunzi wangu wavae soksi mikononi. Leo tulipanda mlima kidogo kutafuta chemchemi ya kuchora kwenye daftari. Tulikuta shimo kavu limezungukwa na mikaratusi mirefu. Mkulima aliyetupatia viazi vya kuchemsha akasema, "Tuliipanda wenyewe, mwalimu. Ikanywa maji yote."

 Muthoni, mmoja wa wanafunzi wangu, akaniuliza polepole, "Si hii ni kama ile yetu?"

Ni miti ileile, Mama. Mwaka jana nililipeleka darasa zima kwenye chemchemi yetu, tukapanda mikaratusi pande zote, nikawaambia tunalinda maji. Kila mtoto aliupa mche wake jina la nyanya yake. 

Dereva wetu anarudi nyumbani Embu leo, atakuletea kadi hii. Ukienda kuteka kesho, angalia kama maji bado yanafika kwenye lile jiwe la kufulia. Usimwambie mtu. Tukirudi Ijumaa itabidi tuing'oe miti hiyo, na nitaanza na wangu, ule niliouita jina lako. Usinikasirikie.

Mtoto wako,
Wanja