Makochi ya Mama Pacha

Jumatatu, 4 Agosti

Chuo kimenipokea! Famasia. Nimeisoma barua mara tatu, kisha nikampa mama, naye akaisoma kimya, mguu bado uko kwenye pedali ya cherehani. Akauliza jambo moja tu: ada analipa nani?

Hapo ndipo nilipoanza kutoelewa. Barua inasema naweza kupata "msaada wa kifedha" hadi ada nzima. Chini yake mafungu matatu — ufadhili, ruzuku, mkopo. Sasa mkopo nao ni msaada? Mjomba Najua kasema ndiyo, aliyekukopesha si kakusaidia? Huyu mjomba tangu azaliwe hajawahi kusema sijui.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeshinda chuoni, ofisi ya misaada. Foleni ndefu. Dada wa dirishani ni mpole ila anaongea kama anakimbizwa. Nilivyomwelewa: ufadhili unafuata maksi, na huo ninao tayari, nusu ya ada. Ruzuku inafuata hali ya nyumbani. Vyote viwili havirudishwi. Mkopo unarudishwa, tena unataka mdhamini mwenye mshahara. Kwetu mwenye mshahara nani? Baba angekuwepo, labda.

Kwa hiyo kila kitu kinategemea ruzuku. Nikauliza, maksi zikishuka ruzuku nayo inaondoka? Hapana, ufadhili ndio unaoondoka. Na hali ya nyumbani ikipanda, ufadhili unashuka? Akanitazama kwanza. Akasema tuanze upya. Tukaanza upya, nikapotea palepale.

Afisa atakuja nyumbani Jumamosi kuona tunavyoishi.

Ijumaa, 8 Agosti

Katika yote niliyomweleza mama, kasikia neno moja: mgeni.

Kasugua sakafu tangu asubuhi. Jioni wakaja wanaume wawili wamebeba makochi ya jirani yetu Mama Pacha, halafu zulia lake, halafu televisheni. Cherehani imehamia chumbani kwangu, imefunikwa shuka kama mgonjwa. Nikamwambia, mama, huyu anakuja kuangalia shida zetu. Akasema shida haziwekwi sebuleni.

Labda anajua asemalo? Labda wanawapa wale wanaoonekana watu wa maana? Mjomba kasema ndivyo hasa, chuo cha binafsi hakitaki ombaomba. Mjomba akikubaliana na jambo, mimi huingiwa na wasiwasi.

Jumamosi, 9 Agosti

Kaja. Mtu mzima, miwani, viatu vimejaa vumbi. Akakaa kwenye kochi, akazama. Mama akamletea soda ya baridi — friji ya nani, nisiulize. Afisa akauliza kazi yake. Mama akasema anajishughulisha na mambo ya mitindo.

Mitindo! Anapunguza suruali za watu.

Akaulizwa kama mwezi huwa unamwishia vizuri. Tunamshukuru Mungu, hatujambo. Afisa akaandika. Mimi nikawa natazama zulia. Nilitaka kusema, mdomo ukagoma, kwa sababu mama alikuwa amependeza mno pale alipokaa, na sijamwona akikaa hivyo muda mrefu.

Mgeni alipoondoka, mama kashinda akiimba. Nampenda na nataka kulia, sijui kipi kianze.

Jumanne, 12 Agosti

Dada wa dirishani kapiga simu. Ruzuku nimekosa. "Hali ya nyumbani inaridhisha." Nusu ya ada iliyobaki niitafute mwenyewe, mwisho Ijumaa, au nafasi yangu apewe mwingine.

Nikamwambia makochi si yetu.

Akasema hajawahi kusikia mtu akikata rufaa kwa sababu ya makochi. Lakini atamwomba afisa arudi kabla ya Ijumaa. Safari hii bila taarifa.

Nilipomwambia mama, akakata uzi kwa meno. Akauliza, kwa hiyo nivue nguo mbele ya mgeni ndipo mwanangu asome? Nikasema si hivyo. Lakini ni hivyo kidogo. Ni nani aliyepanga kwamba maksi uzionyeshe kwa kujisifu na nyumba uionyeshe kwa kuona aibu, tena kwa watu walewale? Sielewi.

Baadaye akaja akakaa kitandani kwangu. Kasema haya, atukute tulivyo. Haazimi kitu.

Alhamisi, 14 Agosti

Yupo. Kabisha hodi sasa hivi. Cherehani iko katikati ya sebule, vipande vya vitambaa hadi mlangoni. Kiti ni kimoja tu, cha mama cha kushonea, na mguu wake mmoja umefungwa kamba. Afisa akakitazama, akaamua kusimama.

Nimeingia chumbani kutafuta vyeti. Naandika kwa sababu nikitoka sijui nitaanzia wapi. Nilidhani mama yuko naye sebuleni. Kumbe katokea mlango wa nyuma. Namsikia ng'ambo ya ukuta, kwa Mama Pacha, anaomba kwa sauti ya chini: mgeni amesimama, jamani, mgeni hawezi kusimama.

Mama Pacha hajui sauti ya chini. Anauliza, makochi yote kama siku ile, au kiti kimoja tu?

Afisa alikuwa anakohoakohoa. Amenyamaza.

Mama bado hajajibu.