Suruali ya Sajini

Jumatatu, 4 Machi 1974

Kutwa vifungo vya sare. Wachezaji wa kikosi chetu cha vichekesho vya televisheni ni wanaume wazima wenye vitambi, kila wiki vifungo vinawaruka. Alasiri Bi Maureen, mkuu wetu wa mavazi, kaniita. Kipindi tutakachorekodi Ijumaa hii: wakati wa vita, hariri ya parachuti imeibwa ghalani. Sajini anawapekua askari wake, anafoka, anatisha. Mwisho anainama gwarideni, suruali inapasuka nyuma, na chupi yake ni hariri ile ile. Mwizi ndiye yeye. Bila mpasuko hakuna kichekesho.

Suruali kanikabidhi mimi.

Bado niko kwenye majaribio. Ikiharibika, narudi kiwandani kushona kola za mashati. Lakini siogopi. Nimeshona tangu Unguja. Mshono naujua.

Jumanne, 5 Machi

Nimemweleza Mama. Kanikodolea macho.

"Kuja kote huku Ulaya, wee Zuhura, unashona nguo zipasuke? Mbele za watu?"

"Ndiyo kazi yenyewe, Mama."

Kanuna. Nami nimenuna. Hata hivyo nimempa tiketi ya Ijumaa, watazamaji huingia bure. Kaichukua kwa ncha za vidole, kama kitu kilichookotwa.

Jumatano, 6 Machi

Mazoezi. Aibu tupu.

Nilifumua mshono wa nyuma nikaupiga bandi, mishono mirefu ya kushikiza tu, kwa uzi mwembamba wa pamba. Bwana Leslie, anayecheza Sajini, kakaa tu kunywa chai, ukaachia. Watu wamecheka, ila si mahali pake. Mwongozaji kataka onyesho lifutwe, hariri ichungulie mfukoni, basi. Nimemwambia anipe hadi kesho. Sauti haikutetemeka. Nimejipenda.

Alhamisi, 7 Machi

Nimepata! Juu ya ile bandi nimepitisha uzi wa pili, mnene, ncha yake inatokea ndani ya mfuko. Huo ndio unaoshika suruali. Bwana Leslie akae, asimame, aruke akitaka. Kabla ya kuinama atie mkono mfukoni, auvute. Unatoka wote, inabaki bandi peke yake.

Tumejaribu. Imepasuka kwa mlio mzuri, kama kanga mpya inapochanwa. Mwongozaji kaitikia kwa kichwa. Yatosha.

Jumamosi, 9 Machi

Jana sikuandika, nilichoka.

Mama alikuja. Peke yake, kutoka kwetu Walthamstow, kwa treni ya chini ya ardhi ambayo siku zote anaiita kaburi. Baibui lake katikati ya makoti ya Waingereza. Nilimwona kutoka nyuma ya mapazia.

Likaja gwaride. Sajini akafoka, akainama. Kimya. Suruali nzima! Bwana Leslie alisahau kuvuta uzi.

Bi Maureen akanikamata mkono, akauminya. Lakini kazi yangu naijua: uzi ulikuwa pale pale, unamngoja. Nikatazama mkono wake tu. Akajinyoosha, akawakodolea askari macho, akautia mfukoni taratibu kana kwamba anatafuta kitambaa cha jasho. Kisha akainama tena, chini zaidi.

Mshono ukapasuka kutoka mkandani hadi chini. Hariri nyeupe, pana, inang'aa kwenye mataa.

Studio ililipuka. Mwongozaji alisema ile mara ya kwanza, alipoinama bure, ibaki, imependeza zaidi. Bi Maureen kaniambia Jumatatu nichague meza yangu mwenyewe. Maana yake nimeajiriwa.

Na Mama. Tangu Baba achukuliwe wakati wa mapinduzi, Mama hutabasamu tu, kwa adabu. Jana alicheka hadi akashika bega la Mzungu asiyemjua. Nililia nyuma ya mapazia. Sioni haya kusema.

Alhamisi, 28 Machi

Kipindi kimeonyeshwa leo. Tumekitazama wawili, mimi na Mama, na sahani ya visheti.

Suruali ilipopasuka, wimbi la kicheko cha watazamaji wa studio likaja, na juu yake sauti moja ndefu, inapanda, haitaki kushuka.

"Huyo nani?" Mama kauliza.

"Wewe."

Majina ya wachezaji yamepita, bado anatazama. Kisha kasema zamani Baba alikuwa akimfinya yeye misibani, asije akaangua kicheko.

Sikuwahi kulisikia hilo. Nimezima televisheni, nikamsogelea.